ART imekukatalia viza ya ulinzi Australia: namna ya kwenda mahakamani ndani ya siku 35

Simu huanza kuingia jioni, watu wakishatoka kazini. Swali la kwanza ni lile lile: "Nimekataliwa na ART, nifanyeje?" La pili: "Nikienda kortini, jaji atanipa nafasi nieleze yaliyonipata?" La tatu, ambalo lingefaa kuwa la kwanza: "Nimebakiwa na siku ngapi?" Nimeyaandika majibu hapa ili uyapate hata saa nane ya usiku, maana najua barua ile ikishafika usingizi hukimbia.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeomba viza ya ulinzi, ile ya namba 866, akiwa tayari ndani ya Australia, akakataliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, akaenda kwenye Baraza la mapitio, yaani Administrative Review Tribunal au ART, na huko nako akakataliwa. ART ndiyo iliyochukua nafasi ya AAT, baraza la mapitio la zamani, tarehe 14 Oktoba 2024. Kama uliletwa na viza ya wakimbizi kutoka kambini, Nyarugusu au Kakuma kwa mfano, haya hayakuhusu. Na kama aliyekukatalia mpaka sasa ni Wizara peke yake, usikimbilie mahakamani: mahakama haina mamlaka juu ya uamuzi ambao ulipaswa kwanza kupitiwa na Baraza. Nenda ART. Kwa aliye nje ya kizuizi cha uhamiaji muda ni siku 28 tangu ajulishwe, na kwenye kesi za ulinzi ART haina uwezo wa kuongeza hata siku moja.

Mimi si wakili wako. Hii ni ramani tu, na kwenye hatua ya 2 nitakuelekeza kwa mawakili wasiolipisha.

Jambo moja la kuelewa kabla ya yote

Jaji hatauliza, "Je, huyu akirudi Bukavu, Kampala au Bujumbura atadhurika?" Atauliza, "Je, Baraza lilifuata sheria lilipojibu swali hilo?" Basi. Anaweza kukuonea huruma, anaweza hata kudhani kwamba yeye angeamua vingine, na bado akatupa maombi yako kwa sababu Baraza halikuvunja sheria. Anachotafuta ni kosa la mamlaka, yaani kosa zito la kisheria linaloufanya uamuzi uhesabike kama haujafanyika. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958 ina kifungu kinachosema maamuzi haya ni ya mwisho, lakini Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini, ilisema mwaka 2003, kwenye kesi ya Plaintiff S157, kwamba kifungu hicho hakiwezi kuulinda uamuzi wenye kosa la namna hiyo. Mlango unaoingilia leo ndio huo.

Kusanya hivi kwanza

- Uamuzi wa ART, kurasa zote, pamoja na barua au baruapepe iliyoubeba.
- Uamuzi wa kwanza wa Wizara.
- Kila ulichowapa: fomu, maelezo yako, barua za mashahidi, picha, hati za polisi au za hospitali.
- Rekodi ya sauti ya kikao chako. Waandikie ART uiombe leo leo.
- Hali ya viza yako ya mpito (bridging visa, ile unayokaa nayo wakati unasubiri uamuzi) kama inavyoonekana kwenye VEVO, mfumo wa Wizara wa kuangalia viza mtandaoni, pamoja na masharti yake.
- Ushahidi wa kipato chako, ikiwa utaomba punguzo la ada.
- Mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri na ambaye unaweza kumwamini kwa siri zako.

Hapo mwisho tulia kidogo. Jumuiya zetu ni ndogo, na habari hutoka Dandenong ya Melbourne hadi Blacktown ya Sydney kwa usiku mmoja. Kama madai yako yanahusu mapenzi ya jinsia moja, ubakaji, kubadili dini au siasa za nyumbani, usimpe jirani karatasi zako kwa sababu tu anajua Kiingereza. Mkalimani wa simu wa TIS, huduma ya serikali ya ukalimani, namba 131 450, hakufahamu na analazimika kutunza siri.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu siku sasa hivi. Una siku 35 kuanzia tarehe ya uamuzi wa ART. Hazianzi siku uliyofungua baruapepe, wala siku wakala wako alipokupigia. Uamuzi ukiwa na tarehe 3 Machi, mwisho wako ni tarehe 7 Aprili, hata kama umeuona mara ya kwanza tarehe 14 Machi. Kama mjumbe wa Baraza alikutamkia uamuzi kwa mdomo mwisho wa kikao, hesabu kuanzia siku hiyo. Usisubiri maandishi. Iandike tarehe ya mwisho kwenye karatasi, ibandike mlangoni, na lenga kuwasilisha wiki moja kabla.

2. Tafuta wakili kabla hujaandika chochote. Melbourne kuna Refugee Legal na Asylum Seeker Resource Centre. Sydney kuna RACS. Brisbane kuna RAILS. Perth kuna Circle Green. Kila jimbo pia lina Legal Aid yake, yaani ofisi ya msaada wa kisheria. Foleni ni ndefu, kwa hiyo siku hiyo hiyo piga simu sehemu zaidi ya moja, na sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimekataliwa na ART, siku yangu ya mwisho mahakamani ni tarehe fulani." Tarehe hiyo ndiyo inayowafanya wakusogeze mbele.

Angalia: wakala wa uhamiaji ambaye si wakili wa sheria hawezi kukusimamia mahakamani, hata awe na usajili halali. Akikuambia "nitakuandikia za korti kwa dola mia kadhaa", ondoka. Nimeona karatasi za watu watatu kutoka nchi tatu tofauti zikiwa na sababu zile zile, neno kwa neno. Zinaponakiliwa hivyo, anayebebeshwa gharama ni wewe.

3. Soma uamuzi ukiwa na kalamu mkononi. Hapa ndipo kesi inapopatikana au inapokosekana, kwa hiyo usiharakishe. Aya za uamuzi zina namba. Chukua daftari, chora safu mbili. Kushoto andika kila dai ulilolitoa, moja moja. Kulia andika namba ya aya ambapo Baraza limelijibu. Kisha tafuta mambo haya:

*Dai lililoachwa.* Ulisema unawindwa kwa kuwa ni Mnyamulenge wa Kivu Kusini, na pia kwa sababu mumeo alikuwa mwanaharakati. Baraza limezungumzia kabila kurasa sita na la mume halikuligusa. Upande wa kulia wa daftari lako uko mtupu. Mahakama Kuu ilisema kwenye kesi ya Dranichnikov mwaka 2003 kwamba kushindwa kuijibu hoja kubwa iliyotolewa wazi ni kunyimwa haki ya kusikilizwa.

*Jambo ambalo hukuulizwa.* Wizara haikuitilia shaka sehemu fulani ya maelezo yako. Kikaoni hakuna aliyekuambia kwamba ina utata. Uamuzi unatoka, unakuta Baraza halikuiamini sehemu hiyo hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa baharia mmoja kutoka Iran, anayejulikana kwa herufi SZBEL, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisema hakutendewa haki, kwa kuwa hakujua kwamba jambo hilo lilikuwa na utata.

*Habari mbaya juu yako ambayo hukuonyeshwa.* Sheria inalitaka Baraza likupe kwa uwazi habari fulani zinazoweza kukuangusha, na likupe nafasi ya kuzijibu. Kesi ya SAAP ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba utaratibu huu si wa hiari.

*Tafsiri mbovu.* Hili linatuhusu sana. Mtu wa Uvira anapewa mkalimani wa Kiswahili cha Nairobi. Mwingine, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, aliomba Kirundi akapewa Kiswahili. Sikiliza rekodi. Andika dakika na sekunde ulichosema wewe, na kilichofika kwa mjumbe. Saa ni mtego wa kawaida: "saa mbili asubuhi" ikitafsiriwa kama "eight o'clock", ni sawa, ikitafsiriwa kama "two o'clock", unaonekana umejikanganya. Tangu kesi ya Perera mwaka 1999 mahakama zimekubali kwamba ukalimani mbovu unaweza kuharibu kikao. Utahitaji kuonyesha kwamba makosa yaliathiri jambo la maana. Neno moja lililoteleza halitoshi.

*Kukatalia kusikokuwa na mantiki.* Uliomba kuahirishwa kwa sababu ulikuwa hospitalini na ukatoa cheti, wakaendelea bila maelezo. Soma pamoja na wakili kesi ya Li ya mwaka 2013. Ile haikuwa ya ulinzi, lakini kanuni yake inatumika.

*Sheria iliyopimwa vibaya.* Mwaka 2003, kwenye kesi ya S395, wanaume wawili wa Bangladesh waliokuwa wapenzi walishinda kwa sababu Baraza liliwagawa watu kati ya wanaojificha na wasiojificha, bila kujiuliza kama kujificha kwenyewe kulitokana na hofu. Eneo lingine ni kuhamia mji mwingine. Kwa maombi yaliyotolewa kuanzia tarehe 16 Desemba 2014, ili uitwe mkimbizi, ni lazima hatari hiyo ihusu maeneo yote ya nchi. Lakini ule ulinzi wa nyongeza, wa mtu ambaye si mkimbizi ila atapata madhara makubwa akirudishwa, una swali jingine: je, ni jambo la busara kwa mtu kama wewe kuhamia huko? Kama Baraza limesema "angehamia Mombasa" bila kutazama watoto wako, afya yako au lugha yako, weka alama hapo.

*Utapeli wa wakala.* Wakala alikuzuia usiende kikaoni ili kuficha uongo wake. Familia moja ilishinda Mahakama Kuu mwaka 2007 kwa jambo hilo, kwenye kesi ya SZFDE. Uzembe wa kawaida wa wakala, kama kuchelewesha karatasi, haufiki hapo.

Kisha jiulize: bila kosa hilo, kuna uwezekano wa kweli kwamba matokeo yangekuwa tofauti? Kwenye kesi ya LPDT ya mwaka 2024 Mahakama Kuu ilisema kiwango hicho si kigumu kufikiwa, lakini lazima ukifikie.

Angalia: "Hawakuniamini" peke yake si kosa la kisheria. Najua jinsi inavyouma kuandikiwa kwamba umetunga kifo cha ndugu yako. Lakini kazi ya kuamini au kutoamini imepewa Baraza, na jaji hupindua tu pale njia iliyotumika ilipovunja sheria. Majaji pia hawasomi uamuzi kwa kuwinda kila neno lililokaa vibaya.

4. Andika sababu zako. Sababu isiyo na maelezo mahsusi ni sawa na ukurasa mtupu. Linganisha hizi mbili.

Dhaifu: "Baraza halikunitendea haki na halikuzingatia ushahidi wangu."

Imara: "Baraza halikujibu dai langu kwamba ninatafutwa kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Dai hilo lipo aya ya 14 ya maelezo yangu na nililirudia kikaoni. Aya za 31 hadi 58 za uamuzi zinazungumzia kabila langu pekee."

Ya pili jaji anaweza kuifungua na kuikagua kwa dakika tano. Sababu mbili imara zinatosha. Kumi zilizokopwa zitaficha zile mbili. Zote ziandikwe kwa Kiingereza.

5. Jaza fomu na hati ya kiapo. Mahakama inayohusika ni Federal Circuit and Family Court of Australia, Division 2. Fomu ya maombi iliyo mahsusi kwa Sheria ya Uhamiaji ipo kwenye tovuti yake. Mjibu maombi wa kwanza ni Waziri wa Uhamiaji, wa pili ni ART. Hati ya kiapo inaambatanishwa na nakala ya uamuzi wa ART. Kiapo utakila mbele ya wakili au JP. JP ni mtu wa kujitolea anayefanya kazi ambayo kwetu hufanywa na kamishna wa viapo. Wapo kwenye maktaba na vituo vingi vya polisi, na hawalipwi.

Angalia: usiandike historia yako upya ndani ya hati ya kiapo. Ikitofautiana hata kidogo na ya zamani, umewapa silaha upande wa pili.

Usiogope jina lako kusomwa na watu wa nyumbani. Sheria inaikataza mahakama kuchapisha jina la mwomba ulinzi. Utapewa herufi, kama alivyopewa yule baharia.

6. Wasilisha na ulipe ada. Unaweza kuwasilisha kwa mtandao kupitia lango la mahakama au kwenye masjala, na miji mikubwa yote ina masjala. Ada hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye tovuti siku unayowasilisha. Kama huna uwezo, jaza fomu ya kuomba punguzo na uambatanishe ushahidi wa kipato. Hakikisha umepata nakala yenye mhuri na namba ya shauri, kisha ifikishe kwa upande wa Waziri kama masjala itakavyokuelekeza.

7. Shughulikia viza ya mpito siku hiyo hiyo. Hapa wengi huanguka. Kufungua shauri peke yake hakukupi viza. Viza ya mpito uliyokuwa nayo kwa kawaida hufika mwisho siku 35 baada ya uamuzi wa ART, na lazima uombe nyingine kwa msingi wa shauri lililo mahakamani. Fomu 1005 ni ya viza za mpito za kundi A na C, fomu 1008 ni ya kundi E. Ukiacha viza ikaisha, unakuwa huna hadhi ya kisheria, na haki ya kufanya kazi inaweza kupotea. Ikitolewa mpya, soma masharti yake kabla ya kurudi kazini.

8. Kikao cha kwanza na kitabu cha mahakama. Mawakili wa Waziri watakuletea kitabu chenye karatasi zote zilizokuwa mbele ya Baraza. Kikague: kuna kitu ulikiwasilisha na hakimo? Katika kikao cha kwanza msajili hupanga tarehe: lini urekebishe sababu zako, lini ulete maandishi ya rekodi ya sauti, lini ulete hoja. Zifuate kama dawa. Baada ya hapo unaweza kungoja kwa miaka. Kila unapohama au kubadili namba, andikia masjala na mawakili wa Waziri, maana shauri linaweza kutupwa kwa sababu barua ilienda kwenye nyumba ya zamani.

9. Siku ya kusikilizwa. Mkalimani utapewa na mahakama bila malipo ukiwa umeomba mapema. Taja lahaja, "Kiswahili cha Kongo" kama ndicho unachokisikia vizuri. Fika mapema. Jaji akikuuliza, mpe namba ya aya. Ukijikuta umeanza kusimulia usiku ule walipokuja nyumbani, pumua, rudi kwenye daftari lako lenye safu mbili.

10. Uamuzi. Ukishinda, hupati viza. Uamuzi wa ART unafutwa na shauri linarudi ART likaamuliwe upya kwa kufuata sheria. Huko sasa ndiko pa kupeleka barua mpya na ushahidi mpya. Ukishindwa, kwa kawaida utaamriwa kulipa gharama za Waziri, na ni maelfu ya dola. Deni hilo usilipuuze. Omba kulipa kidogo kidogo, kwa sababu deni kwa serikali linaweza kuzuia viza nyingine baadaye.

Mambo yakikwama

*Siku 35 zimepita.* Wasilisha hata hivyo, leo, na ndani ya fomu omba kuongezewa muda kwa maandishi. Eleza kwa nini ulichelewa, siku kwa siku, na weka ushahidi. Mahakama itatazama urefu wa ucheleweshaji, sababu yake, na kama kesi yenyewe ina uzito. Ikikataa kuongeza muda, hakuna rufaa ya kawaida kwenda Federal Court, mahakama iliyo juu ya Division 2, kwa hiyo weka nguvu zako zote kwenye ombi hilo.

*Nimepata barua mpya kutoka nyumbani.* Jaji hataipokea kama uthibitisho wa hatari yako. Ushahidi mpya anaoweza kuupokea ni wa kuonyesha kilichoharibika kwenye Baraza: maandishi ya rekodi, hati ya kiapo kuhusu utapeli wa wakala. Barua itunze. Ukirudishwa ART utaihitaji.

*Niombe tu viza ya ulinzi upya?* Ukishakataliwa ukiwa ndani ya Australia, sheria inakuzuia kuomba tena mpaka Waziri mwenyewe akuruhusu.

*Niliambiwa nimwandikie Waziri.* Inawezekana kumwomba aingilie kati, lakini ni uwezo wake binafsi na hakuna wa kumlazimisha autumie. Barua hiyo haisimamishi siku 35.

*Sina wakili na nimeshafungua shauri.* Mwambie msajili kwenye kikao cha kwanza kwamba unaomba uunganishwe na wakili wa kujitolea. Wakati mwingine hupatikana mtu wa kusoma kitabu cha mahakama na kukwambia ukweli. Akisema hakuna kosa la kisheria, muulize kuhusu kuondoa shauri mapema, kwa sababu gharama huwa ndogo kuliko kusubiri mpaka mwisho.

*Nimeshindwa Division 2.* Rufaa kwenda Federal Court ni siku 28, na hoja inakuwa kwamba jaji alikosea. Viza ya mpito nayo inahitaji kushughulikiwa upya.

*Mama amefariki, nataka kwenda kuzika.* Pole sana ndugu yangu. Usipande ndege kabla ya kuzungumza na wakili. Viza ya mpito ya kundi A haikurudishi Australia ukishatoka, na viza ya ulinzi hii hutolewa kwa mtu aliye ndani ya nchi. Pia, kurudi katika nchi unayosema unaiogopa kutasomwa dhidi yako baadaye, hata kama ulikwenda kwa siku tatu tu za matanga. Mpigie wakili kwanza, kisha mpigie kaka au dada aliyeko nyumbani mpange nani atasimama makaburini badala yako.